Salamu Niliyoituma Baraka

Ukiingia kwenye chumba cha mahojiano, usikae mbele ya mtu. Kaa ubavuni kwake, nyuma kidogo ya bega, sauti yako imfikie na sura yako isimsumbue. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na mimi ni nani, nitaogopa na kufunga daftari.

Ninyi vijana wa kanisani mliochukua fomu za ukalimani mmeniomba niwaandikie kazi ilivyo. Mchungaji aliwaambia, "Mama Feza amefanya miaka mingi, anajua." Ninajua kidogo. Shule niliiachia darasa la nne, kule Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, vita vilipofika, na Kiingereza nilikiokota hapa Yeoville, Johannesburg, kwenye cherehani, kutoka kwa wateja na redio. Mkikuta nimekosea kuandika, sahihisheni kimyakimya, msinisomee kwa sauti mbele ya watu. Tena mkiona mahali nimejipendelea, hapo ndipo muwe wakali.

Wengi wenu mnafikiri serikali inapambana na biashara ya watu kwa polisi kuvunja mlango. Mlango unavunjwa asubuhi moja. Kinachobaki baada ya hapo ni mikutano. Tulikuwa tunakutana mjini, kwenye jengo la ofisi ambalo lifti yake ilikuwa inapumzika zaidi kuliko kufanya kazi, kwa hiyo kila mtu alifika mezani akihema. Walikuwepo polisi, mwendesha mashtaka, watu wa ustawi wa jamii, watu wa vibali, wakaguzi wa kazi, dada wa nyumba ya hifadhi, na bwana mmoja kutoka Pretoria aliyekuwa akiandika taarifa kwa ajili ya nchi nzima. Kila mmoja na faili lake. Mimi nilikaa kwenye kona nikingoja kuitwa.

Nilichukua muda kuelewa kwa nini wanakutana. Mtu aliyeletwa kwa hila na kutumikishwa ni mtu mmoja, lakini polisi wanamwona shahidi, mkaguzi anamwona mfanyakazi, mtu wa vibali anamwona mgeni asiye na karatasi, na mtu wa ustawi anamwona mwathirika. Wote hawadanganyi. Zamani kila mmoja alimhoji peke yake. Nilimkalimania baba mmoja aliyesimulia mara nne kwa ofisi nne. Mara ya nne alikuwa amechoka, akaruka sehemu, wakaandika kwamba maelezo yake yanapingana. Ni mimi niliyeyatafsiri maelezo yale yaliyopungua, na nilijua yamepungua, nikanyamaza kwa kuwa mkalimani haongezi neno. Bado sijui kama nilifanya haki.

Aliyebadilisha mambo ni mratibu wetu, mama wa ustawi wa jamii. Nitamwita MaDlamini, si jina lake, kama ambavyo majina yote humu si yenyewe. Alileta karatasi moja. Ofisi zote zinaandika maswali yao hapo kabla, yanachujwa, mtu anaulizwa mara moja na mtu mmoja, na wengine wanasikiliza. "Kidonda hakifunguliwi mara nne," alisema. Mkaguzi mmoja akamjibu, "MaDlamini, wewe unataka tufanye kazi kama kwaya." Akamwambia, "Kwaya ingekuwa afadhali. Ninyi kila mtu anaimba wimbo wake na kusema wengine wanapotosha."

Yeye ndiye aliyenifundisha kusema "mimi." Siku zangu za mwanzo nilikuwa nasema, "Anasema alipigwa." MaDlamini akanivuta kando. "Mama Feza, sema nilipigwa. Ukisema anasema, unakuwa kama humwamini." Nilijitahidi mpaka nikapitiliza. Siku moja Sajenti Mokoena, polisi wetu, aliitukana mashine ya fotokopi iliyotafuna karatasi yake, nami kwa bidii nikamtafsiria yule mzee aliyekuwa akihojiwa, neno kwa neno, kwa nafsi ya kwanza. Mzee akainama akasema, "Mwambie pole." Nikatafsiri na hiyo. Sajenti alicheka hadi akatoka nje.

Yapo ya kucheka, ndiyo. Nayaandika haya mapema kwa sababu ninayoogopa kuyaandika yako mbele.

Tulikuwa na barua moja. Watu wa ustawi wakiridhika kwamba mtu aliletwa kwa hila na kutumikishwa, wanamwandikia barua. Barua hiyo ndiyo inayowazuia watu wa vibali kumrudisha, ndiyo inayomweka nyumba ya hifadhi, ndiyo inayompa nafasi ya kusema mahakamani bila kukamatwa mlangoni. Asipoipata, yule yule mtu anarudishwa kwao, na kwao wale waliompeleka wanamngoja. Kwa hiyo mnapokalimani, msifikiri mnatafsiri maneno tu. Kuna mtu anatembea juu ya ubao mwembamba na ubao huo ni mdomo wako.

Sasa niandike habari za Aline.

Wakaguzi wa kazi na polisi waliingia kwenye ghala moja Midrand, katikati ya maghala ya mizigo, wakakuta watu wanashona sare. Nyuma ya majora ya vitambaa palikuwa na magodoro. Wengi walikuwa na lugha zenye wakalimani karibu. Mmoja, msichana mwembamba aliyekuwa bado na skafu ya nyumbani kichwani, hakujibu lugha yoyote mpaka mtu alipojaribu Kiswahili. Nikaitwa Alhamisi.

Walimleta nikiwa kwenye korido, kabla mahojiano hayajaanza. MaDlamini alikuwa bado anapanda ngazi. Nikamsikia yule msichana akimwambia dada wa hifadhi "asanti mama," na ile "asanti" ilikuwa ya kwetu kabisa, ya pwani ya ziwa. Jamani, moyo ukaniruka. Nyie mliozaliwa hapa hamtaelewa vizuri. Kwetu ukikutana na mtoto wa nyumbani mbali na nyumbani, humwachi hivihivi. Unamuuliza ni wa nani, na unaendelea kuuliza mpaka mpate mtu mnayemjua wote. Usipouliza, umemdharau.

Nikamwambia, "Mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?"

Akanitazama, akataja baba yake. Nikauliza upande gani wa mji. Akasema. Nikauliza mama yake. Akasema kwa sauti ndogo. Nami, mjinga wa kuzeeka, nikafurahi: "Ah, mama yako namjua. Dada yake si alikuwa anauza samaki karibu na shule? Mimi binamu yangu Mawazo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwenu."

Hakutabasamu. Nilidhani ni uchovu.

Tukaingia ndani. Nilikaa nyuma ya bega lake kama inavyotakiwa. MaDlamini akauliza kwa upole, swali la kwanza kwenye ile karatasi: nani alikuleta Johannesburg? Nikatafsiri. Aline akajibu, "Nilikuja mi mwenyewe. Hakuna mutu alinileta."

Pasipoti yako iko wapi? "Nilipoteza mi mwenyewe."

Mlikuwa mnaruhusiwa kutoka? "Sikutaka kutoka."

Ulikuwa unafanya nini pale? "Nilienda kutembea tu, kuona batu."

Nami nilikuwa natazama mkono wake. Kucha ya kidole cha shahada ilikuwa imetobolewa katikati na kupona vibaya. Fundi yeyote anaijua alama hiyo: ni sindano ya mashine ya kiwandani, inapita kwenye kucha pale unaposhona umelala nusu. Mtu wa kutembea hapati kucha ile. Lakini mimi nilikuwa mdomo, sikuwa macho. Nikatafsiri, "Nilienda kutembea tu, kuona watu," kwa nafsi ya kwanza, kama nilivyofundishwa.

Sajenti Mokoena akafunga faili taratibu. Hakukasirika. Alisema, "Akisema hivyo, mimi sina kesi." Mtu wa vibali, kijana mpole mwenye miwani, akasema naye hana sababu ya kumbakiza nchini. Nataka kuwa mkweli juu yake: wengine baadaye walimsema vibaya, lakini ni yeye aliyejitolea mwenyewe kungoja mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata, na alikwenda kumwomba mkubwa wake mara mbili kwa ajili hiyo. Baada ya Ijumaa hiyo, bila barua, Aline angerudishwa.

Tulipotoka, Aline hakuniaga.

Jioni ile, kabla sijapika, nilifanya jambo ambalo nimeliandika kwenye daftari langu mara nyingi na kila mara nalifuta. Nilichukua simu, nikamtumia Mawazo ujumbe wa sauti. Nilimwambia: mpelekee yule mama salamu, mwambie mtoto wake yuko hai, nimemwona kwa macho yangu, yuko salama na watu wa serikali.

Nilikuwa nimeapa. Wakalimani tunaapa kwamba tunachosikia mle ndani kitabaki mle ndani. Nikajiambia: hili sikulisikia ndani, nililisikia kwenye korido. Na kwetu kuna mzigo kwa mtu aliyemwona mtoto wa mwenzake akiwa hai na asipeleke habari. Mama anakaa hajui kama apike au alie. Nilifikiri ninamsaidia mama mmoja alale. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sijaongeza kitu ili nionekane mwema.

Jumapili nilienda kanisani. Kwenye benchi letu hukaa Mama Solange, msusi, mnamjua kwa jina jingine, kwa hiyo msianze kukisia. Ni mtu mwenye mikono wazi. Mtu mgeni akifika Yeoville bila blanketi, ni kwake anapopelekwa. Tulipoinuka kwenda kutoa sadaka, akaniinamia sikioni.

"Mama Feza, nasikia uliona mutoto wa kwetu."

"Nani kakwambia?"

"Habari inatoka nyumbani, mama. Batu banafurahi. Bamemweka wapi sasa, huyo mutoto? Nimupelekee chakula."

Nikashika benchi la mbele. Ujumbe wangu ulikuwa umetoka Johannesburg Alhamisi, ukafika Baraka, na Jumapili ulikuwa umesharudi na kukaa karibu nami ukiniuliza nyumba iko wapi. Nikasema sijui. Kwa kweli sikujua, hifadhi haituambii. Akanipapasa mkono. "Bon, sawa. Ukijua utaniambia."

Njiani kurudi, kila mtu aliyenisalimia Rockey Street niliona ananichunguza. Yule wa kuuza maandazi, mtoto wa kiduka cha spaza, mzee anayerekebisha viatu. Nilipofika kwangu nilifunga mlango mchana kweupe, nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Aline alikana kila kitu. Mtoto yule alikuwa ametishwa kwa habari ya mama yake. Ndivyo wanavyofanya wale wanaotumikisha watu: wanakuambia tunaujua mlango wa mama yako. Kisha anafika ofisini kwa watu wanaosema watamlinda, na kabla hajaketi, mkalimani anamwambia, "Mama yako namjua, ndugu yangu anakaa nyumba ya tatu." Kwa heshima zangu zote nilikuwa nimemwambia maneno yale yale aliyoambiwa na waliomfunga.

Ningeweza kunyamaza. Nataka mlijue hilo. Pale ofisini hakuna aliyejua, tulijua mimi na simu yangu tu. Ningenyamaza, Ijumaa ingefika, Aline angerudishwa, ningesema alikana mwenyewe, nami nilitafsiri sawasawa. Nililitazama wazo hilo muda mrefu kuliko inavyofaa.

Jumatatu nilipanda zile ngazi nikasimama mezani badala ya konani. Nikawaambia yote, la korido, la ujumbe, la kanisani. Nilisema kwa Kiingereza changu kibovu, hapakuwa na wa kunikalimania.

Sajenti Mokoena aliuliza, "Mama, ulitaja jina?"

"Nilitaja mama yake."

"Na ukasema yuko na serikali."

"Nilisema."

Akauma mdomo. "Eish, Mama Feza." Basi. Afadhali angenifokea. Dada wa hifadhi alikuwa ameshainuka, simu sikioni, anatoka mlangoni kwenda kumhamisha Aline kabla sijamaliza sentensi. Hivyo ndivyo watu wanaojua kazi wanavyofanya: hawapotezi muda kukulaumu.

MaDlamini akauliza, "Na mama yake?"

Hapo nikaona kitu nisichokisahau. Polisi akasema mkono wake unaishia mpakani. Mwendesha mashtaka akasema mama si shahidi. Mtu wa vibali akasema mama hajaomba kibali. Bwana wa Pretoria akasema iko njia, kupitia wizara ya mambo ya nje, na wenzao wa kule, na akaahidi kuiandikia siku ile ile. Sajenti akamuuliza itachukua muda gani. Bwana wa Pretoria alikuwa mkweli, akasema, "Zaidi ya Ijumaa." Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekwepa. Kila mmoja aliitazama karatasi yake na yule mama hakuwemo katika hata moja. MaDlamini akachukua karatasi nyeupe, akaandika MAMA kwa herufi kubwa, akaiweka katikati ya meza. Tukaitazama wote kama sahani ambayo hakuna anayetaka kuianza.

Mwishowe akasema, "Mama Feza, piga simu. Hapa, tukisikia. Nawe utatutafsiria kila neno, pamoja na yako."

Mwendesha mashtaka alipinga. Alisema nimeshavunja kiapo, si busara kunirudishia simu. Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. MaDlamini akajibu, "Nani mwingine hapa ana namba?" Sajenti akaweka kinasa sauti mezani, kitaa chake chekundu kikawaka.

Mawazo alipokea upesi. Nikamuuliza kama kuna mtu amefika kwa yule mama.

"Jana walikuja vijana wawili," akasema. "Wakamuuliza kama ana habari ya Aline. Akawaambia ndiyo, yuko hai, yuko na watu wa serikali. Akawapikia na ugali. Wakala wakaondoka. Wamesema watarudi leo kumsalimia tena."

Nikatafsiri. Sehemu ya ugali niliirudia mara mbili.

Nikamwambia Mawazo yule mama aondoke sasa hivi, wala si kesho. Mawazo akasema mama hataki kusikia la kuondoka, yuko uani anafua, anafurahi mno, anasema atangoja hapo hapo mtoto apige simu. Nikamwambia ampelekee simu. Tukasikia hatua, na kuku, na maji yakimwagwa. Kisha sauti ya mwanamke wa makamo.

"Alo?"

"Mama, mimi ndiye niliyemwona Aline. Tafadhali toka kwenye nyumba hiyo leo. Wale vijana si watu wazuri."

Akauliza, kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu mwenye akili angeuliza:

"Na wewe ni mtoto wa nani?"

Nikaitafsiri ile sentensi. Nikaona MaDlamini ananitazama. Kitaa chekundu kilikuwa kinawaka. Ile simu ya Mawazo ilikuwa katikati ya ua, sijui nani amesimama karibu, sijui nani atasimuliwa kabla jua halijazama. Ndugu yangu wa kiume bado anakaa Baraka na watoto wake. Nilijua sasa jinsi habari inavyotembea. Nikaelewa pia jinsi Aline alivyojisikia kwenye korido: swali la heshima, na jibu lake ni kufungua mlango wa watu wako.

Nikajibu. Nikamtaja baba yangu, na baba yake, na mahali alipozikwa. Nikamtaja mama yangu na ukoo wake. Nikamtaja ndugu yangu na kazi yake. Nilitaja kila kitu, kwa sababu nusu ya jibu kwetu ni uongo, na mama yule asingeinuka kwa uongo. Kisha nikageuka nikawatafsiria mezani, kwa nafsi ya kwanza. Mara hiyo moja nafsi ya kwanza ilikuwa yangu.

Mama wa Aline akavuta pumzi. "Babu yako nilimjua," akasema. "Nichukue nini?"

Mawazo ndiye aliyesema, nyuma yake: "Kuna msiba upande wa pili wa mto. Akina mama wanaondoka saa sita. Vaa kitenge cha msiba, mama, ingia katikati yao." Kwetu hakuna mtu anayesimamisha akina mama wanaoenda msibani. Hata askari wa kwenye kizuizi cha barabarani hugeuza uso.

"Usichukue kitu," nikamwambia. "Nguo uziache kwenye kamba, zionekane."

Simu ikakatika. Bwana wa Pretoria alikuwa ameacha kuandika.

MaDlamini alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. "Kwa Aline hutarudi tena," akasema. "Unajua."

"Najua."

"Kwa wengine, tutaangalia." Hakunifukuza. Niliendelea muda kidogo baada ya hapo, kisha nikaacha mwenyewe, maana kila mtu niliyekaa nyuma ya bega lake nilikuwa namwogopea kuliko alivyojiogopea, na sauti yangu ikaanza kutetemeka. Mkalimani anayetetemeka humtia mtu hofu isiyo yake.

Kwa Aline walimweka Wanjiru, Mkenya anayefanya kazi benki na kujitolea siku zake za mapumziko. Kiswahili chake ni cha taarifa ya habari, kila neno limepigwa pasi. Nilikuwa nikimcheka. "Wewe ukisalimia, mtu anasimama wima," nilimwambia. Naye alinijibu, "Na wewe ukisalimia, mama, mtu anajikuta ameulizwa mpaka babu." Alisema hivyo kabla ya mambo haya, kwa utani tu. Sasa nilimwandikia ukurasa mmoja wa maneno ya kwetu ambayo asingeyaelewa, nikampa. Nikamwambia, "Asikujue. Usimjue. Huo ndio msaada." Hana ndugu kwenye ziwa letu, hana ndugu kwenye benchi letu. Yeye alikuwa mgeni kwa Aline, na mgeni ndiye aliyehitajika.

Sikuambiwa walizungumza nini. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, nilishona bila kujua nashona nini. Nilimtengenezea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Mawazo hakunitafuta, nami nilikuwa nimekatazwa kumtafuta. Sikujua kama mama alivuka mto. Sikujua kama Aline ameambiwa, na akiambiwa, kama ataamini. Ijumaa mchana nilisikia mtu anabisha hodi, nikamwona Sajenti Mokoena kupitia dirishani, ana mfuko wa plastiki.

Akatoa suruali ya sare. "Inahitaji kupunguzwa," akasema. Nilimpima. Haikuhitaji kupunguzwa hata kidogo. Nikaichukua. Akasimama akitazama nyuzi zangu ukutani.

"Barua ilitoka," akasema. "Sikukwambia."

"Hukuniambia," nikasema.

"Na kuna mtu alifika msibani." Akaenda zake. Suruali nikaipiga pasi tu, nikairudisha.

Basi mnaniuliza, vijana, la kufanya. Acheni simu nyumbani, au mpeni mlinzi wa mlangoni. Msimsalimu mtu kabla ya mratibu kufika. Mkisikia lafudhi ya kwenu, msifurahi, semeni mbele ya wote, "Huyu ni wa kwetu," mletewe mbadala. Watu wataona una dharau. Kubali uonekane una dharau. Na usipojua jambo, sema sijui, kwa lugha zote mbili. Mimi sijui kama ndugu yangu yuko salama kwa sababu hakuna aliyemjia, au kwa sababu hawajamjia bado. Simu ya kutoka nyumbani ikilia, huiacha ilie kwanza, nishike meza.

Halafu kuna Mama Solange. Mtaniuliza kama yeye ni mmoja wao, na wengine mtapenda niseme ndiyo. Nimelipima hilo kwenye daftari muda mrefu. Aliuliza mtoto yuko wapi ampelekee chakula. Huenda alitumwa. Huenda pia alisikia habari ya mtoto wa nyumbani akafanya kile ambacho mtu wa kwetu hufanya, kile kile nilichofanya mimi, kwa moyo ule ule. Nilimtaja kwa sajenti, kama ilivyonipasa, na nikamtajia sajenti pia wale wote aliowahi kuwapa blanketi. Hakuna aliyeniambia kilichoonekana. Bado tunakaa benchi moja.

Jumapili iliyopita aliniinamia tena, wakati wa kutoa sadaka, mkono wake juu ya mkono wangu, una joto.

"Mama Feza, na yule mutoto wa kwetu, alifikaka wapi?"

Nilimtazama usoni, nikatafuta, sikuona kitu ila mama mwenzangu aliyechoka.

"Sogea kidogo, mama," nikamwambia. "Nipite."